Kibuyu cha Dawa ya Magoti

Siku mama aliporudisha kibuyu cha dawa, alicheza ngoma mbele ya kijiji kizima. Mama huyo huyo aliyekuwa akitambaa kwenda jikoni.

Wiki haikuisha. Tulimpakia kwenye lori akiwa hawezi hata kushika kikombe.

Naandika kama ilivyokuwa. Sitii chumvi.

Ilikuwa mwaka 1976. Mimi, Luciana, nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi mjini Sumbawanga, nimepanga chumba mtaa wa Izia. Mama yangu, Cornelia, alikuwa kijijini, njia ya kwenda Kate. Kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imewatoa watu kwenye makazi yao ya zamani na kuwapanga kwa mistari kando ya barabara.

Aliishi na kaka yangu Flavian. Flavian ndiye aliyeendesha zahanati ya kijiji. Watu walimwita dakta.

Magoti ya mama yalivimba kama maboga. Vidole vikapinda. Baridi ya Juni ikianza kuvuma alikuwa analia kama mtoto.

Kisha akaanza dawa ya mzee Alois.

Mzee Alois alikuwa mganga wa kienyeji mwenye jina. Alitwanga mizizi, akautia unga kwenye kibuyu kidogo, mgonjwa akachanganya na uji wa ulezi kila asubuhi. Masharti yake mawili yalijulikana na kila mtu. Usiulize kilichomo. Na ukipona, lete kuku na kibuyu mbele za watu, unga uliobaki umwagwe, na usiionje tena dawa ile.

Likizo ya kwanza nilimkuta mama anatembea. Ya pili nikamkuta analima.

"Unaona, mwalimu?" akanitania. "Sayansi yako imelala, mizizi imeamka."

Majirani walisema amenawiri. Kweli, uso ulikuwa umejaa, umekuwa duara. Lakini mikono yake ilikuwa na mabaka meusi, na alipojigonga kidogo tu ngozi ilichanika.

Kitu kingine kilinikereketa. Wazee wengine wenye magoti walikunywa dawa ya Alois na bado walitembelea fimbo.

Nikamuuliza kaka. "Mbona mama tu?"

"Damu hazifanani, Lusi. Wewe umezidi maswali."

Nikaliacha swali. Yeye ndiye aliyekuwa dakta.

Sherehe ya kurudisha kibuyu aliiandaa Flavian mwenyewe, kabla likizo yangu haijaisha. Kuku alimchagua yeye. Unga ukamwagwa njia panda, vigelegele vikapigwa, mama akacheza, Flavian akala paja akicheka.

Baada ya hapo mama akaanza kutapika. Akalegea. Akawa anazimia akiinuka.

Huseni, mfanyabiashara aliyepakia mahindi pale, ndiye aliyetuokoa. Alishusha magunia yake bila kuombwa.

"Mlazeni hapa, mama ni wetu sote," alisema.

Hospitalini Sumbawanga daktari alipima shinikizo la damu. Lilikuwa chini mno. Akatundika dripu. Shinikizo halikupanda.

Akatugeukia. "Alikuwa anatumia vidonge gani?"

Nilikuwa nimesimama na kaka, bega kwa bega. Mama amelala, macho wazi.

"Hakuna, daktari," Flavian akajibu. "Mizizi tu."

Daktari akaukagua uso wa mama, akashika ngozi ya mkono. "Mizizi haileti sura hii. Nadhani najua, lakini ana homa pia. Nikikisia vibaya naweza kummaliza. Nileteeni hiyo mizizi."

"Ilishamwagwa," Flavian akasema haraka.

Nilirudi kijijini na lori la Huseni. Alikanyaga mafuta njia nzima.

Mzee Alois nilimkuta uani anatwanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa?"

"Anakufa. Naomba kuona dawa uliyokuwa unamtilia mama."

"Sharti unalijua."

"Babu, anakufa!"

Akanitazama. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kingine kilichofungwa kwa kitambaa, alichokuwa akichotea unga wa mama. Vibuyu vya wagonjwa wengine vilikuwa vimepangwa ukutani. Hiki peke yake kilifichwa.

Nikaomba bilauri ya maji, nikatia unga, nikakoroga, nikasubiri. Vumbi la mizizi likaelea juu. Chini kikatuama kitu cheupe.

"Mti gani huu wa Ufipa wenye chaki ndani yake?"

"Chaki ni mambo yenu walimu," akacheka.

Sikucheka. Naye akaacha kucheka.

"Mti wangu uko wapi, mwanangu?" akasema. "Uko mahameni, kule tulikohamishwa. Trekta la kijiji limeshapita, limeng'oa mpaka shina. Mlihamisha watu, mizizi mkaiacha. Hii ninayotwanga siku hizi ni mizizi tu, ya kunitunzia jina."

"Na hicho cheupe?"

"Nililetewa. Niliambiwa ni vidonge vya nguvu, nivitwange humo, vya mama yako tu."

"Nani alikuletea?"

Akaurudisha mchi kwenye kinu.

"Mlinyonya titi moja."

Nikakaa palepale kwenye vumbi.

Nilimkumbuka Flavian akiwa kando ya kitanda cha mama, shati limenyooshwa pasi. Hakuna, daktari. Mizizi tu.

Niliporudi, Flavian alikuwa ananisubiri kwenye korido. Aliiona bilauri mkononi mwangu akaelewa.

"Ni predinisoloni, vidonge vya kuondoa uvimbe," akanong'ona. "Lusi, nisikilize. Vilikuwa vichache. Ningempa waziwazi, kijiji kizima kingepanga foleni. Nikavificha kwenye mizizi."

"Na kuvikatisha ghafla ulijua ni hatari?"

Akainyoosha kola ya shati.

"Flavian, ulijua?"

"Wakaguzi wa stoo walikuwa wanakuja, ilibidi vikome. Nilidhani mwili utastahimili."

"Ulikula kuku!"

"Mwambie daktari jina la kidonge, inatosha. Jina langu liache. Ile ni mali ya umma, nitafungwa."

Niliingia. Nikamwambia daktari jina la kidonge. Akampiga sindano saa hiyo hiyo, akaeleza kwamba mwili ukizoea kidonge kile huacha kujitengenezea nguvu yake, na kikikatishwa ghafla unazimika. Kisha akauliza, "Mlikipata wapi?"

Nikajibu swali.

Kufikia jioni shinikizo lilikuwa limepanda. Siku zilizofuata mama akakaa, akala, akaomba kitana.

Flavian walimchukua akiwa zahanati. Alifungwa.

Mimi ndiye niliyemwambia mama. Nilidhani ana haki ya kujua alichofanyiwa, nikamweleza hatua kwa hatua: vidonge, mganga, wakaguzi, sherehe. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Nilijua."

Nikadhani bado ana homa.

"Vidonge nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Flavian alinieleza. Alois alijua. Mke wa Flavian alijua. Daktari alipouliza nilimsikia, na sauti nilikuwa nayo. Nikanyamaza."

"Ungekufa, mama."

"Ningekufa nina mtoto wa kiume nje ya gereza."

"Kwa nini mimi hamkuniambia?"

"Kwa sababu wewe ukiulizwa, unajibu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja ugonjwa. Kisha akageukia ukutani.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa fimbo. Chakula nilichompelekea alikipokea. Zungumzo hatukuwa nalo tena.

Watu huniuliza kama ningenyamazia jina la kaka ingekuwaje. Sijui, na sibuni nisichokijua. Ninachojua ni kwamba katika familia yangu mimi peke yangu nilidhani tunatafuta kumponya mama. Wenzangu walikuwa wanalinda siri, na mama alikuwa mmoja wao.

Wewe unayesoma, una mzazi anayepaka hiki na kunywa kile kwa ajili ya magoti. Muulize kilichomo, na usikubali akatishwe ghafla bila mtaalamu kujua. Lakini kabla ya kuuliza, jiandae. Huenda ukagundua kwamba wote nyumbani wana jibu, na walikubaliana wewe usilipate.