Babu Torazo na Jina la Kisiwa cha Salfa

Babu yangu, Torazo Asanuma, aliwahi kumvunja mtu pua kwa sababu ya jina la kisiwa. Mtu huyo alikuwa msimamizi wake gatini Yokohama, na kosa lake lilikuwa kusema tu, "Kumbe wewe mtu wa Iwojima!" Babu akafukuzwa kazi jioni ile ile. Bibi husema angejua, angeolewa na mtu wa kisiwa kisicho na jina.

Mimi nilitaka kujua: jina linaumaje mpaka mtu amtoe mwenzake damu? Majina yako mawili na maana ni ile ile, kisiwa cha salfa, kwa vile ardhi yake hufuka moshi unaonuka mayai viza. Lakini wenyeji walikiita Ioto. Babu anasema Iwojima lilikuja na maafisa wa majini na ramani zao, kisha Wamarekani wakalidaka na kulisambaza dunia nzima. Hata kitabu changu cha jiografia kimeandika Iwojima.

"Walichukua mashamba yetu ya miwa, wakachukua nyumba," Babu aliniambia. "Wakaona haitoshi, wakachukua na jina. Nikae kimya?"

Alikuwa mtoto wakati wa vita, ndege za Wamarekani zilipokuja. Bomu lilifumua zizi la jirani, na Babu akamwona ng'ombe akikimbia huku mgongo unawaka, akigonga kila ukuta mpaka akaanguka. Baadaye jeshi letu wenyewe likawapakia melini wanawake, wazee na watoto. Vijana wenye nguvu wakabakizwa kuchimba mapango na kubeba risasi, na kaka yake, Kanekichi, alikuwa mmoja wao. Alimsukumia Babu kwenye mashua kwa teke.

"Nenda, mlafi we! Mimi nitalinda tangi."

Ni tangi la maji ya mvua. Kisiwani hakuna mto, kwa hiyo tangi ndilo uhai wa nyumba, na mgeni akibisha hodi, kata ya kwanza ya maji ni yake, hata watoto wawe wanalia kwa kiu.

Kanekichi hakurudi. Serikali ilileta sanduku la mifupa yake, lakini ndani mlikuwa na kijiwe tu. Tangu hapo Babu alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kujua kaka yake amelala wapi.

Mwaka huu wenyeji wa zamani walipelekwa kuzuru makaburi, nami nikaenda kumshika Babu mkono. Ndege ilibeba pia mzee Nagumo, aliyepigana kule akiwa askari, mikono yake imejaa makovu ya moto. Tuliposhuka tu, alipiga magoti kwenye mchanga mweusi.

"Iwojima! Sikudhani nitaikanyaga tena."

Babu akamkunja shati na kumwinua. "Rudia nikung'oe meno!"

"Babu, mwachie!" nilipiga kelele.

"Ya bandia haya, bwana," Nagumo akasema huku anakabwa. "Piga tu. Hata yule kijana wa tangini alinizaba kofi kwa jina hilo hilo."

Ngumi ya Babu ikabaki hewani. "Kijana gani?"

"Mwenyeji. Alikuwa na kovu kidevuni."

"La jembe," Babu akasema, akimwachia shati. "Endelea."

"Tulitoka pangoni ulimi umekuwa kama soli ya kiatu. Nikamuuliza, 'Hii Iwojima haina maji?' Pa! Akaniambia, 'Hapa Ioto. Jina la melini liache melini.' Halafu akanichotea kata."

"Halafu?"

Nagumo alitazama chini. "Afisa wetu alikuwa amekataza, maji ya wapiga mizinga tu. Akamkata yule kijana kwa upanga, kata ingali mkononi. Pigo la kwanza halikumuua. Alikuwa anaita mama, na mimi nakunywa, bwana. Sikuacha kunywa."

Nilifumba macho nikingoja mshindo wa ngumi. Nikasikia Babu akisema, "Nionyeshe."

Tangi lilikuwa vichakani, saruji imetobolewa na risasi mpaka vyuma vinaonekana. Nagumo akaelekeza kidole chini ya ukuta. Babu alitoa chupa ya maji tuliyotoka nayo nyumbani, na kata ya mbao. Nilijua yale maji ni ya kummiminia Kanekichi. Lakini alipoijaza kata, akamnyooshea Nagumo.

"Mimi? Baada ya yote hayo?"

"Wewe ndiye mgeni. Usiniaibishe mbele ya kaka yangu. Kunywa!"

Alikunywa, meno yake ya bandia yakigonga mbao, maji yakimtiririka shingoni. Kata ya pili Babu aliimimina chini ya ukuta. Udongo ukainywa palepale, ukatoa mvuke.

Hapo Babu akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Ardhi ya kule ni moto. Wazee walikuwa wakifukia viazi vinaiva. Ofisa wa msafara akaja mbio.

"Mzee, hairuhusiwi! Wapo watu wa kazi hiyo!"

"Basi nipige na wewe upanga," Babu akasema bila kugeuka.

Damu ilianza kutoka kwenye kucha za Babu. Nagumo akajitupa chini kando yake na mikono yake ya makovu, nami nikapiga magoti katikati yao. Tulichimba mpaka vidole vyangu vikagusa mfupa mwembamba, wenye joto kama mkono wa mtu aliye hai.