Mahali pa Kidole Gumba

Kwii. Kwii. Ndivyo koki hulia ukiisugua kwa kidole chenye maji, kama panya mdogo aliyebanwa mlangoni. Sauti hiyo ningeitambua hata usingizini. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwepo, sikusimuliwa.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wageni kando ya mto, huku Kericho, katikati ya mashamba ya chai. Wageni huja kuvua trauti, na mimi husafisha fimbo za kuvulia, hasa mipini yake. Mipini hiyo ni ya koki, gome laini la mti, lile lile linalozibia chupa za waini. Jasho na uchafu wa samaki huifanya nyeusi. Unaiosha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, unasugua polepole kwa sponji, unaianika kivulini. Ikiwa na mashimo, unachanganya unga wa koki na gundi ya mbao, unaziba, halafu ikikauka unapiga msasa mpaka iwe laini kama shavu la mtoto. Jamani, mimi naipenda hiyo kazi! Nilikuwa nimechuma chai miaka miwili, nikiota kwamba siku moja nitawapeleka wageni mtoni mimi mwenyewe, na kofia kubwa kichwani.

Lakini wiki yalipotokea haya nilikuwa bado ninajaribiwa kazini. Baba Chero, msimamizi wa stoo, aliniambia, "Wageni wanafika kesho. Nikipata mpini hata mmoja una shimo, utarudi kwa kikapu chako cha chai."

Sasa, ukutani kulikuwa na fimbo moja ya zamani, imetundikwa kwenye msumari wa juu kabisa. Mpini wake ulikuwa na kibonyeo, kimeingia ndani kama kijiko. Nikaona ni shimo kama mashimo mengine. Nikaliziba lote, nikairudisha juu ikauke. Hata nilijisifu.

Dakika kumi hazikuisha, mvua ya mawe ikaanza. Unaijua mvua ya mawe ya saa kumi jioni hapa kwetu? Mabati yanapigwa hadi mtu akikuita hapo karibu humsikii. Na katikati ya hizo kelele nikasikia, wazi kabisa: kwii. Kwii.

Nikageuka. Mzee mfupi wa koti la kahawia alikuwa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, amenyoosha mkono hadi kwenye ile fimbo, anasugua mpini kwa kidole gumba kama anayetafuta kitu gizani.

"Chamgei, mzee," nikamsalimu kwa Kikipsigis changu cha Mkisii.

"Chamgei mising, chepto," akajibu, akiniita msichana. "Mahali pangu pameenda wapi?"

"Mahali gani, mzee?"

"Pa kidole. Nilipatengeneza kwa kuvua, si kwa kisu. Bila hapo mkono wangu haujui fimbo."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilidhani ni ubovu, na kwamba nikiacha shimo Baba Chero atanifukuza.

"Huyo kijana wangu bado anapiga kelele?"

"Mzee, afadhali siafu!"

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Haki, sikuogopa hata kidogo. Lakini alipotazama tena ule mpini, uso wake ukaanguka kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikaiteremsha fimbo. "Gundi haijakauka," nikasema. "Bonyeza."

Akabonyeza taratibu, amefumba macho. Kwii. Akashusha pumzi ndefu. "Asante, chepto. Mto utakupenda." Akanirudishia fimbo, akatoka nje kwenye mvua ile ile ya mawe.

Hapo ndipo nikaangalia sakafu. Alama za gambuti zangu zilikuwepo, zimejaa matope. Zake? Hakuna hata moja. Na koti lake lilikuwa kavu. Nani hutembea kwenye mvua ya mawe akabaki mkavu?

Asubuhi Baba Chero akaiona. "Hii nini? Nilikuambia nini juu ya mashimo?"

"Ni mzee wako. Alikuja jana, akabonyeza mwenyewe."

Sauti yake ikashuka. "Mzee wangu nilimzika mimi, kabla wewe hujaja hapa."

Akaipeleka fimbo dirishani. Gundi ilikuwa imekauka na mistari yote ya kidole, na kovu limeikatiza katikati, kama kinjia kwenye shamba la chai. Baba Chero akaketi juu ya ndoo. "Ndoano ilimkata hapo," akasema. "Nilikuwa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyeirusha." Akaweka kidole chake pale, hakikujaza. Changu kilipotea kabisa.

"Hapa usipitishe msasa," akasema.

Tangu siku hiyo hajataja kikapu cha chai. Tena Jumamosi hunifundisha kurusha ndoano, na kelele zake zote.

Ile fimbo hakuna mgeni anayepewa. Lakini kila baada ya mvua ya mawe, kibonyeo chake huwa na matope mabichi ya mtoni. Kwa hivyo sikia: ukipewa kitu cha zamani usafishe, toa uchafu, lakini alama usiifute kabla hujauliza ni ya nani. Mwenyewe anaweza kuja kuitafuta, na si wote huja wakicheka.

Jana mawingu yalipojikusanya, nilikuwa peke yangu stoo. Nikafuta kile kibonyeo kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha nikaishusha fimbo misumari miwili chini, mzee asijinyooshe sana, nikauacha mlango wazi kidogo.