Kisumu miaka ya tisini: nilivyokaribia kuliua ua la bahari la mke wangu kwa bidii yangu mwenyewe

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Kuna mtu humu ameuliza kama samaki wa baharini wanaweza kufugwa bara. Nimecheka peke yangu mpaka mke akaja kuuliza kuna nini. Basi wacha niwape yangu. Siongezi chumvi, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini siwezi kuongeza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa mizigo kwenye reli hapa Kisumu. Kabla ya hapo nilipelekwa Mombasa kwa mafunzo, nikarudi na mke. Anaitwa Rehema, mtoto wa pwani haswa.

Mama yangu hakufurahi.

Mama ni wa Port Victoria. Kazi yake ilikuwa kuwatia chumvi mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, kwenye mapipa, kisha kuwaanika, wanunuzi wanakuja kutoka mbali. Alitaka nioe msichana wa karibu, anayejua kusonga ugali ukasimama. Harusini hakuja, na nyumbani kwangu hakukanyaga. Akimtaja Rehema alisema "huyo wako wa Mombasa".

Rehema naye alikuwa mpweke. Akifika ufukweni anaonja maji ya ziwa, anasonya. "Maji yote haya, na chumvi hayana!"

Kaka yake ndiye aliyemletea dawa: ua la bahari. Kwa Kiingereza ni sea anemone. Mkiliona mtadhani mmea, lakini ni mnyama. Lina mguu wa kunata kwenye jiwe na vidole vingi laini vinavyopepea majini, na katikati ya vidole waliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa. Fundi wa vioo akatuundia tangi, Rehema akafunga pampu ya hewa na taa. Maji ya bahari yalikuja kwa treni, kwenye mitungi ya plastiki, kwa hisani ya marafiki zangu wa kazi. Kila asubuhi Rehema alimimina jagi la maji tangini.

Tuendelee.

Mimba ya kwanza ilipofika miezi saba, Rehema akafunga safari. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake. Ajifungue, amalize arobaini, ndipo arudi.

Kabla ya kuondoka alichukua rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu kwenye kioo.

"Maji yasishuke chini ya mstari huu. Na usitie maji ya ziwa, litakufa."

Nikasema sawa. Tukiwa mlangoni akageuka. "Likifa nitajua kitu cha bahari hakiishi hapa. Sijui kama nitarudi."

Alisema huku anatabasamu. Wakuu, mke akitabasamu namna hiyo, usicheke.

Nikautumikia ule mstari kuliko nilivyoitumikia reli. Jua la Kisumu mnalijua, na tangi halikuwa na kifuniko. Kila siku maji yalishuka kidogo, na kila siku nikajaza hadi kwenye mstari kwa maji ya mtungi, maji ya bahari kabisa. Nilijiona nalilisha asali.

Mitungi mitatu ikaisha hivyo. Nikaagiza wa nne.

Wiki ya tano ua likaanza kunywea. Vidole vikafupika, mdomo ukaachama, mguu ukabanduka jiweni. Samaki wake wakawa wanahemea juu kwenye mapovu.

Nikasafisha pampu. Nikabadilisha taa. Nikapiga magoti nikaliombea, kweli tupu, mtu mzima mbele ya mnyama asiye na macho. Nikiona limezidiwa, naongeza maji ya bahari.

Kumwandikia Rehema niliogopa. Niliona barua hiyo itakuwa ya kumwambia asirudi.

Jumamosi moja nasikia hodi. Ni Mama! Amesikia mke ameenda kwao, kaja kuhakikisha mwanawe anakula. Kikapu kichwani, kuku mkononi.

Alipoona tangi akamsahau kuku.

"Gini en ang'o?" Yaani, hiki ni kitu gani?

Nikamweleza yote, mpaka yale maneno ya mlangoni. Nilitegemea aseme afadhali life.

Kumbe alikuwa anaangalia ukingo wa kioo, penye ukoko mweupe ambao mimi nilidhani ni uchafu. Akaukwangua kwa ukucha, akalamba. Akachovya kidole tangini, akalamba. Akafungua ule mtungi mpya, akalamba.

"Onja hii," akasema. "Haya, sasa onja ile."

Maji ya mtungi yalikuwa na chumvi. Ya tangi yalikuwa adhabu.

Mama akacheka mpaka akaketi chini. Akaniuliza kwa Dholuo, nawatafsiria: "Umekua ukiona mapipa yangu ya mbuta. Maji yakipungua na jua, naongeza nini?"

"Maji."

"Yenye chumvi?"

Nikaugeukia ule mtungi mpya.

"Jua linakunywa maji, mwanangu. Chumvi linakuachia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimelelewa na mtia chumvi, nimekulia kati ya mapipa, halafu nimelikausha ua la watu kama mbuta!

Maji ya ziwa Mama pia aliyakataa, akasema yana mambo mengi. Alasiri mvua ikanyesha, ile yetu ya Kisumu isiyoomba ruhusa. Tukatoa sufuria zote nje. Nilitaka kumimina yote mara moja, akanipiga mkono. "Mtu aliyeshinda njaa siku nyingi, unampa sufuria nzima? Pole pole!"

Tukawa tunateka jagi moja la tangi, tunarudisha jagi moja la mvua, asubuhi na jioni.

Mama alikuwa arudi Jumatatu. Akakaa wiki mbili. Kwa mila yetu mama halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa, kwa hiyo alilala kwa dada yake, mtaa wa Nyalenda, na kila asubuhi anafika, anaonja maji kwanza, ndipo ananisalimu.

Siku ya nne ua likashika jiwe tena.

Siku ya tisa natoka kazini, namkuta Mama kwenye kigoda mbele ya kioo, anapiga soga na ua kwa Dholuo. Limechanua lote. Vidole vimejaa, samaki wamejilaza katikati kama matajiri.

Nililia, wakuu. Mama akanitazama. "Futa macho huko. Utaongeza chumvi."

Rehema akarudi na binti kifuani. Hata mkoba hakuweka, alienda moja kwa moja kwenye tangi. Nikaungama yote.

"Na jagi nililokuwa namimina kila asubuhi, ulidhani ni maji gani?"

"Ya bahari."

Alicheka mpaka mtoto akaamka. Kumbe alikuwa anatia maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Kwao hata mtoto mdogo analijua hilo, ndiyo maana hakuona haja ya kunieleza.

Kesho yake Mama akaja. Rehema alimwekea mjukuu mapajani. Mama akamtazama mtoto, akalitazama tangi, akajikaza kwa Kiswahili chake.

"Mimi nilisema kitu ya bahari haiwezi kaa hapa. Inaweza. Inataka tu mtu ya kuangalia." Kisha akamshika Rehema mkono. "Nyathina. Mtoto wangu. Karibu nyumbani."

Rehema hajaondoka Kisumu hadi leo.

Nilichojifunza: kuuliza si ujinga, hasa kuuliza lile ambalo mwenzako anadhani unalijua. Na waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walimwona mama yangu na kikapu chake.

Rehema amesoma hii kabla sijaiweka. Ameniruhusu kwa sharti moja, niwaulize wanaume wa humu: wake zenu waliwaachia nini, na mlikiharibu vipi? Semeni ukweli, yeye ndiye atakayesoma majibu.