Aibe kidogo ili atoke vizuri

Niambie, musomaji: umekwisha kuona chauffeur anaombwa kuiba ili apewe attestation, ile karatasi ya kutoka kazini?

Juzi nilikuwa kwa bureau ya transporteur mumoja, mwenye ma-camion, hapa Goma, kuweka tena dossier yangu ya kuomba kazi. Mbele yangu chauffeur wa camion, muzee wa heshima, alikuwa anaaga. Alipata kazi kwa transporteur mwingine, na kule walimwambia wazi: bila attestation, hutagusa volant ya camion yetu. Patron wake alikuwa amemushika mukono, hataki kuuachilia.

Secrétaire akafungua formulaire. "Motif ya kutoka, papa?"

"Ninatoka tu, mama. Vizuri."

"Vizuri haiko hapa. Kuko tatu tu: wizi, accident, kifo."

Patron akakuna shingo. "Kifo, hapana. Accident itakuharibia permis ya kuendesha. Chukua wizi, muzee, nitakusamehe palepale."

"Patron, sijaiba kitu hapa hata siku moja."

"Ndiyo maana ninakuomba."

Chauffeur akatazama meza, akachukua agrafeuse ya kubania makaratasi, akaitia mufukoni, akairudisha. Patron akamukumbatia. Secrétaire akaandika, akapiga cachet: *Wizi. Amesamehewa. Mutu mwaminifu sana.*

Muzee akasoma mara mbili. "Na hii, kule watanipa funguo kweli?"

Secrétaire akafunga formulaire, akaniita.

Nyinyi mulioandika ile formulaire, munaokalia viti tunavyotafuta na ma-diplôme yetu: ongezeni nafasi ya ine, *ametoka vizuri*. Na huyu baba mumwandikie karatasi ingine leo, mbele hajafika kule.