Maji Nyuma ya Dashibodi

Ukimwita dada yangu akuhamishe, hatakuuliza una vitu gani. Atasimama mlangoni mikono kiunoni, aangalie kitanda, kabati, jiko na yale maboksi uliyoyafunga ovyo kwa kamba ya kuanikia nguo, kisha atakwambia, "Safari mbili, na hilo kabati halitoki mpaka lifunguliwe miguu." Ubishe usibishe, zitakuwa safari mbili na kabati litafunguliwa miguu. Nimefanya naye kazi tangu alipofiwa na mumewe na sijamwona akikosea. Watu wanamwita Mama Pikapu. Mimi ananiita Redio, na sababu mtaiona wenyewe.

Pikapu yenyewe ni kuukuu. Zamani ilikuwa ya bluu. Mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje tu, na gia ya kurudi nyuma ina kiburi chake. Dada alishika usukani, shemeji akabeba. Ndivyo walivyogawana kazi tangu mwanzo, maana shemeji akiingia barabarani alikuwa anampisha kila mtu mpaka kuku. Jioni wakimaliza, aliegemea boneti akavuta sigara yake moja, kisha akakisokomeza kichungi kwenye yale matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kwa sababu dada hakutaka kuona vichungi uani. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Hata ukimsalimu, kwanza alimeza mate, koo likapanda na kushuka, ndipo akaitikia. Dada, ambaye fungu lake la subira aligawiwa mtu mwingine, alikuwa anamwambia, "Meza haraka basi, chai inapoa."

Msimu mmoja wa mvua maji yakaanza kudondoka kutoka chini ya dashibodi, upande wa dereva. Kila siku dada alirudi nyumbani na miguu iliyokunjamana kwa unyevu, ngozi imechubuka katikati ya vidole. Jioni moja akachoka. Nilikuwepo, nikichambua mboga, na nilisikia yote.

"Hili gari unalipenda kuliko mimi," alimwambia mumewe. "Miguu yangu ikioza ikakatika, wewe utabaki umelikumbatia boneti."

Shemeji akameza mate. Dada hakungoja jibu, akaingia chumbani akaubamiza mlango. Kesho yake asubuhi walizungumza habari za kazi tu. Kabla ya adhuhuri, wakiteremsha friji ya mtu ghorofani, shemeji aliuweka chini upande wake polepole, akakaa kwenye ngazi, akafa. Daktari alisema ni moyo.

Wake na waume wote hugombana, na wengi wao kesho yake hupatana. Hawa kesho yao haikuwatosha. Dada aliyapokea mazishi, watu na pole zao bila kuyumba, lakini likambakia swali moja lililomla ndani kwa ndani: mume wake aliondoka na kinyongo naye, au hapana? Mimi nilimwambia hapana. Akaniuliza nimejuaje.

Mvua ya kwanza baada ya matanga ilitukuta njiani, na magodoro ya watu yamelowa nyuma. Dada akakanyaga breki kwenye njia panda. Nyuma ya dashibodi kitu kikasogea, chwaa, kikafika mwisho wake, kisha ikasikika sauti ambayo sote wawili tuliijua: mtu anameza mate.

Tulikaa pale hadi magari ya nyuma yakatukosea adabu. Dada alikuwa amekaza macho kwenye dashibodi na midomo imeachana kidogo. Alikuwa anangoja neno linalofuata.

Tangu hapo ndani ya pikapu ile kuongea kukawa marufuku. Fikiria mimi, Redio, nimezimwa. Nikifungua mdomo tu ananiinulia kidole. Alianza kuchagua njia zenye matuta na kukanyaga breki pasipo na kitu, na wateja wakalalamika kwamba vyombo vyao vinafika vimebadilika sura. Maji yalimdondokea miguuni kuliko zamani, ya baridi, na yeye hakuiondoa miguu. "Ananikumbusha," alisema. Siku moja tumeegesha, gari limetulia, mara feni ikawaka yenyewe na kutupulizia harufu ya sigara iliyolowa. Ile sigara yake hasa. Sijidai: nilipitia dirishani, na umbo langu si la kupita madirishani.

"Dada, ni maji," nilimwambia nilipopata pumzi. "Yameingia kwenye nyaya za feni."

"Najua ni maji," akasema. "Kwani machozi ni nini?"

Kiangazi kilipokuja sauti ikakauka, nikashukuru kimoyomoyo. Halafu asubuhi moja nikamkuta uani ameshika jagi, anamimina maji polepole kwenye yale matundu chini ya kioo. Aliponiona akasema anaosha kioo. Kioo kilikuwa kikavu na vumbi lake. Niliingia ndani nikakaa jikoni peke yangu, na niliogopa kuliko siku ya feni. Nilikuwa namwona dada yangu akienda, kidogo kidogo, upande aliko mumewe, na sikujua nimshike wapi.

Kilichomshika ni kutu. Tulikuwa tunateremka mlima na kabati la kioo la bi harusi, na dada alipokanyaga breki kisigino kikatoboa sakafu. Mguu ukanasa, gari likaendelea. Tulisimama ndani ya ua wa mtu, juu ya nguo zake alizokuwa ameanika. Kioo cha kabati hakikuvunjika, jambo ambalo mpaka leo sielewi. Dada alitoka na mchaniko kifundoni, nami nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu. Mwisho nikalia. "Ukitaka kumfuata, mfuate kwa miguu yako," nilimwambia. "Mimi kwenye gari hili siingii tena."

Kesho yake tulivutwa kwa kamba hadi gereji ya Fundi Taratibu. Huyu ni mtu wa bodi, wa kuchomelea na kunyoosha mabati, na jina hilo alipewa na wateja waliokwisha kukata tamaa. Dada alimwagiza azibe sakafu tu. Fundi akang'oa kapeti, akaliminya kama tambara la deki, akatazama maji yanavyotoka.

"Mama, nikiziba hapa nitakuwa nimekudanganya," alisema. "Maji haya yanatoka juu."

Akafungua waipa, akalegeza skrubu za kile kifuniko chenye matundu, akakibandua. Chini yake palikuwa na tope jeusi, majani yaliyooza, mbegu zilizochipua, na vichungi vya sigara vilivyovimba vikawa vinono. Hapo ndipo ilipokuwa inatoka harufu. Dada alivitazama kimoja kimoja. Fundi alichota kwa mikono huku akitueleza, kwa mwendo wake ule wa konokono, kwamba gari huvutia hewa mahali hapa, na mvua nayo huingia humo humo. Hilo si kosa, kwa sababu pembeni, kila upande, pana tundu linaloyashusha maji hadi nyuma ya tairi, yamwagike nje. Yakikosa njia, hukaa kwenye ule mfereji na kuchezacheza kila gari linapofunga breki. Yakizidi, humwagikia kwenye feni na kuingia ndani.

Upande wa abiria ulikuwa umezibwa na majani. Aliusukuma kwa waya, akaupuliza kwa kompresa, ukazibuka. Upande wa dereva waya ukagonga kitu na kurudi. Akaling'oa tairi, akafungua ile plastiki ya ndani, akajilaza juu ya boksi na tochi yake.

"Kuna mtu kaziba huku," akasema kutoka chini. "Silikoni nyeusi, hii ya kubandikia vioo. Kaishindilia kwa dole gumba." Akacheka kidogo. "Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu kaziba, na ukuta ndio umeoza. Njoo uone, mama."

Dada akainama, nami nikainama nyuma yake. Kwenye ile silikoni palikuwa na alama ya dole zima, pana, mistari yake imekaa vizuri kabisa, na katikati limekatiza kovu lililonyooka. Kovu lile shemeji alilipata kwenye bati la kabati, mwaka waliooana.

Dada aliketi chini pale pale kwenye oili.

"Asubuhi ile," alisema. Hakuwa anamwambia mtu hasa. "Niliamka hayupo kitandani. Nikajua kanuna, yuko nje na gari lake. Akaingia mikono myeusi, akaniuliza mafuta ya taa yako wapi anawe. Nikamwambia yako pale pale siku zote. Sikumtazama hata usoni."

Mimi nilikumbuka jambo ambalo kaka yake shemeji alituambia siku ya mazishi. Alisema alipokuwa akimwosha marehemu, dole gumba lilikataa kutakata. Wazee walitazamana na shangazi mmoja akasema ni alama. Dada alilisikia, na nadhani ndilo lililomwingiza woga tangu mwanzo. Sote tuliomboleza tukiwa na lile dole jeusi kichwani, kumbe lilikuwa na silikoni.

Fundi alikuwa ameizima tochi. "Alikuwa nani wako?"

"Mume wangu."

"Wengi wanafanya hivi, mama," alisema, taratibu hata kwa kipimo chake. "Anaona tundu linachuruzika, anadhani ndiko maji yanakoingilia. Alitaka yasikufikie."

Dada akafuta pua kwa mkono wenye oili. "Niachie hapo palivyo," akasema. "Rekebisha pengine kote. Hapo paache."

Nilitaka kupiga kelele, ila fundi aliwahi. "Gari hilo sitakurudishia. Sakafu mpya italiwa kama hii, na safari ijayo itakuwa barabara kuu."

Alisema kwa upole. Dada alikaa akitazama lile giza nyuma ya tairi. Kwa mbali mtu alikuwa anagonga bati, anaacha, anagonga. Mwisho dada akanyoosha mkono.

"Nipe bisibisi. Atakayemtoa ni mimi."

Akalala juu ya boksi. Kwanza aliliweka dole gumba lake juu ya lile la mumewe, likapotea ndani yake, akaliacha hapo. Nilitazama pembeni. Kisha nikasikia anasukuma na kuguna. Silikoni ile ilishika kama iliyowekwa na mtu aliyekusudia kweli. Ilipoachia, maji yalitoka meusi, ya baridi, yakamwagika mikononi mwake hadi viwikoni, kifuani, na yalipokwisha kumlowesha mwili mzima yakaendelea kutoka. Yalinuka tumbaku na majani ya zamani. Hakusogea. Yalipokoma alipapasa kwenye tope akitafuta kile kipande chenye alama, lakini kilikuwa kimechanika vipande vipande, na hakuna hata kimoja kilichobaki na mstari.

"Mjinga we," akasema pale chini, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wasichana. "Mjinga wangu we. Si ungeniamsha tu ukaniambia?"

Akalia. Fundi Taratibu akaenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Kazi ilimchukua siku zake alizozoea. Aliikwangua kutu kwa brashi ya waya hadi bati likang'aa, akapaka rangi nyekundu ya chini, akaziba maungio yanayostahili kuzibwa, akachomelea sakafu mpya, akavisha lile tundu mpira ulio wazi mdomoni. Kisha akamimina ndoo nzima penye matundu na kutuita tuangalie nyuma ya tairi. Maji yalitoka pande zote mbili. Dada aliinama akayatazama mpaka tone la mwisho, akamshukuru, akawasha gari.

Mvua ilitukuta wiki iliyofuata, tumebeba meza na viti vya mwalimu mmoja. Nilikaa kimya kwa mazoea. Kwenye njia panda dada akakanyaga breki, na nyuma ya dashibodi hapakuwa na kitu. Waipa zilikwenda, zikarudi. Akasogeza gari kidogo, akakanyaga tena kwa nguvu hadi viti vikagongana nyuma. Kimya. Nikamwona anavua ndala moja na kuupitisha unyayo kwenye kapeti, mbele na nyuma, kila pembe.

"Miguu yangu mikavu," akasema.

Akangoja. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena. Sikumwitikia dada, kwa kuwa hakuwa anazungumza nami.