Tone Chini ya Lori

Kosa langu la kwanza kwenye kizuizi cha barabara ya Bunyakiri lilikuwa kudhani kila tone chini ya lori limetoka kwenye injini. Ukaguzi wa magari nilijifunza peke yangu, kitabuni, na niliogopa mno kukosea. Lori moja lilivuja, nikalizuia. Saa nzima nililala chini yake nikikaza boliti moja moja, na matone yakazidi kunidondokea usoni.

"Citoyen, uko unatafuta nini?" dereva akauliza.

"Mafuta ya injini," nikajibu kwa hasira.

Maman mmoja, mwenye mizigo iliyopakiwa juu ya lori, akainama, akanipangusa shavu, akalamba kidole.

"Hii iko mawese yangu. Pipa ilitoboka kule juu, na weye uko unalala tu. Kule soko ya Nyawera nitauza nini?"

Siku hizi nakagua mizigo kwanza, ndipo naingia chini.