Tulivyokwenda Minto kwa Adabu za Ryukyu

Nilikwenda Minto kuposa msichana ambaye tayari alikuwa mke wa watu, na watu wenyewe ni sisi. Ninyi mlioko Kigoma mtaniuliza hayo ni mambo gani, kwa hiyo nianze mwanzo.

Mwaka 2021, siku chache kabla Sydney haijafungwa kwa sababu ya korona, Fabrice, mtoto wa kaka yangu, alikwenda na Furaha, binti wa Kikongo, wakaandikisha ndoa serikalini mbele ya mashahidi wawili. Hawakumwambia mtu. Mimba ilikuwa imeshaingia na waliogopa. Furaha akahamia kwangu Toongabbie, alikokuwa akiishi Fabrice, na baba yake, Papa Furaha wa Minto, upande wa kusini-magharibi wa Sydney, hakupokea tena simu zake. Kisha mji ukafungwa zaidi ya miezi mitatu, na hata kama tungetaka kwenda kupiga magoti, sheria ilikataza. Oktoba waliporuhusu tena watu kutembeleana majumbani, mimba ilikuwa ya miezi sita. Furaha aliniambia jikoni kwamba hataki kujifungua kabla baba yake hajamwita kwa jina lake. Kaka yangu alikuwa huko kwenu na mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, basi kazi ya mshenga ikaniangukia mimi, mwanamke, tena mwenye mdomo.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, tulipanda treni Toongabbie. Tulikuwa watano: mimi, wazee wawili wa kanisa letu, Fabrice na Furaha, wote na barakoa. Wazee walibeba kreti ya soda, mimi nilibeba doti ya kitenge ya mama wa binti. Fabrice alivaa raba nyeupe na suti, nikamsema kuanzia Pendle Hill hadi Parramatta. Furaha alikaa dirishani, mikono juu ya tumbo.

Cabramatta nilishuka kumpa Mzee Higa dawa zake, wenzangu wakanisubiri stesheni na mikate yao ya Kivietnamu. Mzee Higa ni mtu wa Okinawa, ana miaka themanini na kitu, anaishi peke yake, nami ndiye ninayemwogesha na kumpikia. Miezi yote ya kufungiwa sikuona mgeni mwingine mlangoni kwake, na alinisimulia habari za kwao hadi nikaanza kuziota.

Visiwa vyao zamani vilikuwa ufalme, ukiitwa Ryukyu. Miaka mia nne iliyopita wapiganaji wa Satsuma, kusini mwa Japani, waliuvamia. Mfalme wakamwacha kwenye kiti chake, kwa sababu alikuwa akifanya biashara na China na wao waliitamani biashara hiyo. Tangu hapo, kila alipotawazwa mtawala mpya wa Japani, au mfalme mpya wa Ryukyu, wajumbe wa Ryukyu walipelekwa Edo, ambayo leo ni Tokyo, kupongeza au kushukuru. Safari ilikula miezi na miezi, baharini na kwa miguu, na wengine walifia njiani. Tena waliamriwa wavae mavazi ya kigeni, wasifanane na Wajapani hata kidogo, ili watu waliojipanga barabarani waone kwamba mtawala wao anasujudiwa na ufalme wa mbali.

Niliposikia hayo mara ya kwanza nilikasirika. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, najua maana ya kuambiwa simama hapa, vaa hivi, shukuru. Mzee Higa alinijibu taratibu kwamba wajumbe wale walipiga muziki wao njia nzima, na waliporudi nyumbani walimkuta mfalme wao bado ni mfalme.

Asubuhi hiyo nilimwomba anirudie sehemu niliyoipenda. Mabalozi wa China walipofika Ryukyu kumtawaza mfalme, Wajapani walijificha katika kijiji cha kando, na kila kitu cha Kijapani kikafichwa, ili China isione kwamba ufalme una bwana mwingine.

"Na Wachina hawakujua?" nikauliza.

"Nadhani walijua," akasema. "Lakini mgeni mwenye adabu haulizi."

Glenfield ndipo tunapobadilisha treni kwenda Minto, na hapo ndipo nilipowaeleza mpango wangu. Binti anayeposwa hawezi kufika pamoja na wanaomposa. Lazima akutwe kwao. Kwa hiyo Furaha atangulie na treni ya kwanza. Mama yake, ambaye tulikuwa tumeshamnong'oneza kwenye simu, atamfungulia mlango wa nyuma, naye Furaha atakaa jikoni kama ambaye hajawahi kutoka. Sisi tutafuata na treni ya pili, tutaingia kwa mlango wa mbele, tutaomba kama watu wasiojua lolote. Fabrice angebaki stesheni ya Minto na raba zake. Furaha alipanda, akatuangalia kupitia kioo mpaka treni ikaondoka.

Minto tulifika saa tano. Papa Furaha ni dereva wa foklifti, mashine ya kuinua mizigo, kwenye ghala, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Tulimkuta kavaa suti na tai. Nilipumua kidogo, maana mtu asiyetaka wageni havai tai Jumamosi. Wazee wakaomba dua, kisha nikasema tumeona ua katika nyumba hii. Aliuliza wanaume wa ukoo wetu wako wapi, nikamweleza habari za mipaka, akakubali.

"Na huyo binti munamujua?" akauliza.

"Hatujawahi kumwona," nikajibu. "Tumesikia sifa zake tu." Nilijivunia jibu hilo. Niliona nimekuwa balozi hasa.

Papa Furaha akalegeza tai yake.

"Kama hamujamuona," akasema, "basi wakati aligonjwa ile korona, ni nani alimupikia uji?"

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilikuwa nimedhani kimya chake cha miezi yote ile ni hasira tupu. Kumbe mkewe alikuwa amemwambia kuhusu ugonjwa uliompata Furaha kwangu wakati wa kufungiwa, na yeye alikuwa amekaa Minto na swali hilo kifuani. Na mimi, kwa umahiri wangu, nilikuwa nimemwambia baba wa watu kwamba mwanawe aliugua na hakuna aliyemwona. Niliona aibu, nasema kweli.

"Ni mimi, Papa Furaha," nikasema. "Nilimwekea mlangoni, asubuhi na jioni, mpaka alipopona. Nilikuwa nakaa sakafuni upande wa pili wa mlango mpaka nisikie kijiko."

Alijifuta macho kwa barakoa yake. Kisha akageukia jikoni, akaita: "Furaha!"

Alitoka na sinia la glasi, tumbo mbele. Mama yake alisimama nyuma yake ameshika mlango. Baba alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa tu humu, papa," akasema. "Nilikuwa nasaidia mama ku cuisine."

"Ni vizuri," akasema baba yake. "Fungulia wageni soda."

Saa tisa tuliaga. Furaha alipokwenda kuchukua koti lake, baba yake akauliza anakwenda wapi. Mmemwomba leo, akatuambia. Mtamchukua siku tutakayopatana. Siku hiyo ilikuwa baada ya majuma matatu. Nilikubali abaki, kwa sababu mchezo niliuanzisha mwenyewe.

Stesheni nilimpa Fabrice habari. Akasema, "But Shangazi, she's my wife." Nikamwambia bado. Alipanda treni amenuna.

Cabramatta nilishuka tena kumpa Mzee Higa dawa za jioni, nikamsimulia yote. Nilimwambia kuna mtu aliuliza. Alifikiri, akasema huenda hata kule Ryukyu mfalme alitamani siku moja aulizwe, na mtu aliye radhi kusikia jibu. Hilo ndilo nililojifunza katika safari hii. Kujificha kulitufikisha mlangoni pa Papa Furaha, lakini aliyetufungulia ni yeye, kwa swali lake.

Toongabbie nilifika jua likiwa bado lipo. Nilichemsha uji bila kufikiri, nikaupeleka hadi kwenye mlango wa Furaha kana kwamba hakubaki Minto, nikasimama pale kusikiliza kijiko.